Kitabu Kisichorudishika

Jumatatu, 5 Mei

Wangechi amerudi kutoka chuo na uso wa mtu aliyemwaga maziwa. Huyu ni mjukuu wangu, mimi ananiita Cucu, yaani bibi. Anasomea unesi Thika na analala kwangu hapa Kimbo, kwa sababu baba yake, Chege, alijenga Murera ndani kabisa, mahali ambapo mvua ikinyesha hakutoki mtu wala punda.

Amefeli karatasi moja. Ile ya mwili: mifupa, mishipa, maini. Atairudia Ijumaa ya wiki ijayo. Wanaita sapu. Ukifeli sapu unafungasha, unarudi nyumbani, na chuo hawakujui tena.

Hakulia. Nililia mimi, halafu nikamwambia aache kulia.

Huyu ana jina langu. Ndiyo desturi yetu, msichana wa kwanza wa mwanangu ni mimi mara ya pili. Mimi shule sikuiona hata dirisha. Herufi nilifundishwa na huyu huyu alipokuwa darasa la kwanza, akinigonga vidole kwa penseli nikikosea, na ndizo ninazoandikia daftari hili. Sasa kila asubuhi huko Thika mtu anaita "Wangechi" na Wangechi anaitika. Akifukuzwa, tumefukuzwa wawili.

Nikauliza kilichomwangusha ni nini. Kitabu. Maktaba kiko kimoja, kinene kama tofali, na kila ukienda kimeazimwa. Nikasema nitauza mbuzi. Akasema hapana Cucu, sasa ninacho, kiko kwa simu. Cha bure. Mwalimu Kitonga ametutumia.

Nimefika umri huu kwa kujua jambo moja: mwanamume hampi msichana kitu kikubwa bure. Akimpa, anangoja. Msichana akipokea, amejibu.

Nitachunguza.

Jumanne, 6 Mei

Wangechi akioga, nikafungua kile kitabu kwa simu. Mwanzo ni majina ya watu, mengi kama ya harambee. Nikasukuma kwa kidole. Mwanamume. Uchi. Tena si uchi wa kawaida, uchi mpaka ngozi imetolewa. Nikafunika simu kwa kitambaa cha sufuria.

Nikamwita Syokau. Tunapakana ukuta mmoja, ni Mkamba, na hatupatani tangu aliposema kwa kikundi cha akina mama kwamba chai yangu ni maji ya kunawa. Lakini aibu inahitaji shahidi. Akatazama. Akatazama tena. Akasukuma aone upande wa nyuma. Nikamnyang'anya.

Akauliza ni nani amempa. Nikasema Kitonga. Akakaa chini bila kukaribishwa. Akasema hilo ni jina la kwao, huyo ni kijana wetu, na hapo hapo akaanza kuniita mkwe. Akauliza mbuzi wa mahari namtaka wa rangi gani. Nikamwambia hakuna mtu amepanda tawi mlangoni pangu. Kwetu mwanamume akimtaka msichana, wazee wake wanakuja kwanza wanapanda ithigi, ndilo hilo tawi, wanaume wengine waone wapite mbali. Hatumi picha za watu waliochunwa.

Syokau akasema dunia imegeuka, siku hizi tawi linatumwa kwa WhatsApp.

Akanywa chai vikombe viwili. Ya maji ya kunawa.

Jumatano, 7 Mei

Mpango wa kwanza: kufuta. Syokau alinionyesha, mjukuu wake alimfundisha. Unabonyeza, unashikilia, linakuja pipa la takataka. Nikatupa kitabu chote humo pamoja na mwanamume wake. Nikapika mukimo nikiimba.

Jioni Wangechi akashika simu, akakunja uso, akasema kitabu kimetoka. Akadhani simu imejaa. Mimi nikakoroga sufuria. Kabla sijageuza mwiko, kitabu kimerudi. Kizima! Nikauliza kwa sauti ya mtu asiyejali kama amemwomba Kitonga tena. Akasema hapana, kiko tu huko mtandaoni, yeyote anachukua. Hata wewe Cucu.

Hata mimi. Sasa huyu mwanamume anataka nini?

Alhamisi, 8 Mei

Mpango wa pili, na huu ulikuwa wa akili. Kitabu hakifutiki, basi simu ipotee. Kwa muda tu, mpaka nijue nia ya mtu. Nina kuku mweusi anaatamia nyuma ya jikoni, na hakuna aliyezaliwa na mama atakayetia mkono chini yake isipokuwa mimi. Nikaiweka pale katikati ya mayai. Alinidonoa, lakini akaikubali.

Leo Wangechi hakwenda chuo. Wamepewa nafasi wasome. Ametafuta simu asubuhi nzima. Chini ya godoro, ndani ya debe la unga, mpaka chooni. Nilimsaidia kutafuta. Nilitafuta kwa bidii kuliko yeye, nikapata kijiko kilichopotea tangu Krismasi. Mchana akakaa mlangoni, mikono kichwani. Hapo sasa akalia. Nikampa chai. Nikampa viazi. Hakugusa. Moyo ulinipiga mateke, lakini nikauambia utulie, tunafanya hivi kwa wema wake.

Halafu kuku akaita. Alikuwa Chege, anapiga kusalimu. Yule mtoto hapigi siku ambayo anahitajika. Kuku akaruka kama aliyekalia kaa, akavuka ukuta mpaka kwa Syokau, akaacha mayai yote, na simu inamulika pale katikati.

Wangechi akaja. Akaiokota. Akaipangusa kwa sketi. Akanitazama.

"Cucu, unataka nifeli?"

Nina majibu ya kila mtu. Hata pasta nina yake. Hilo nikalikimbia, nikaenda kumtafuta kuku.

Kuku amekataa kurudi kwa mayai.

Ijumaa, 9 Mei

Ananisalimia. Basi. Umeamkaje Cucu, anachukua kikombe, anaenda kukaa na kitabu chake upande mwingine. Afadhali angenitukana ningejua pa kuanzia.

Baadaye akanieleza, polepole, kama nilivyokuwa nikimweleza yeye jinsi ya kufunga kamba za viatu. Kitabu hakikuandikwa na Kitonga. Kimeandikwa na walimu wengi wa mbali, wakakubaliana kisiwe cha kuuzwa kwa bei ya kuua. Mtu asome, anakili, achapishe. Mwalimu akitaka abadilishe hapa na pale, kikae sawa na wanafunzi wake. Kitonga alikitafuta tu akawatumia darasa lote.

Nimesikia. Nimeelewa hata. Lakini anayeniletea kiondo cha mtu mwingine, kwangu ndiye aliyenipa kiondo. Na kiondo hakirudi kitupu. Ukiletewa ndizi, unarudisha na maharagwe. Usiporudisha, umefungwa. Na aliyefungwa hapa ni msichana.

Mpango wa tatu: kurudisha zawadi kwa mkono. Lakini kitu cha ndani ya simu utakirudishaje? Kwanza kifanywe kitu cha kushika.

Nikaenda saiba ya Zainab, duka la kompyuta na kopi hapo karibu na stage ya matatu. Ukutani amebandika karatasi kwamba hatoi kopi za vitabu vya watu, asije akakamatwa. Nilikuwa nimejiandaa kumbembeleza, kisha kumtisha. Haikuhitajika. Aliandika jina, kitabu kikatokea, sikumpa hata simu. Akasoma mwanzo akasema shosho, hiki kina ruhusa, wameandika hapa, nikitoa hata mia hakuna kesi, mradi majina ya walioandika yabaki. Nikamwambia majina ayatoe, yanakula karatasi. Akakataa. Akasema hilo ndilo sharti lao. Msichana mdogo, na hayumbi. Nilimpenda na nikamkasirikia.

Akataka kunitolea nusu. Nikasema zawadi hairudishwi nusu. Mashine ilitema mpaka ikaanza kunuka. Amekibana kwa waya, kina uzito wa mtoto anayeanza kutembea.

Redio yangu sasa inaimba kwa Zainab.

Jumamosi, 10 Mei

Kitonga anakaa Membley, huko kwa mageti na nyasi zilizonyolewa. Syokau aliuliza watu wake, na kabla ya chakula cha jioni alijua nyumba, kanisa, na jina la mama yake. Akasema atanisindikiza, kijana ni wao, siwezi kwenda bila mtu wa kwao. Nikasema naenda kugombana. Akasema ndiyo maana.

Nilibeba kiondo. Chini kitabu, juu mayai ya kuku wengine. Hata ukienda kugombana huendi mikono mitupu.

Askari wa geti akauliza kama tunatarajiwa. Nikamwambia mimi huwa sitarajiwi, naja tu. Syokau akaongea naye Kikamba, geti likafunguka. Alinikumbusha jambo hilo njia yote mpaka mlangoni.

Mlango ukafunguliwa na mwanamke mjamzito. Mke wake! Damu ikapanda mpaka kwa kilemba. Kumbe wangu alikuwa anatafutwa awe wa pili. Nikamgeukia Syokau. Syokau akasema kwa sauti ndogo kwamba akifikiria vizuri, hao akina Kitonga ni wa upande wa mbali.

Tukapewa viti na maji ya maembe. Kitonga akatoka. Kijana mwembamba wa miwani, soksi imetoboka kidole. Nilikuwa na hotuba ndefu. Nikaweka kitabu mezani, ikaisha yote.

"Mimi ni Wangechi," nikasema. "Nimerudisha."

"Umerudisha nini, Cucu?"

"Kitabu ulichompa mtoto wangu. Hatutaki deni na mwanamume mwenye mke."

Mke akakohoa ndani ya gilasi. Kitonga akafunua kurasa, akatazama waya, akatazama mayai, na polepole nikaona inamwingia. Akasema alituma kwa darasa lote, hata wavulana. Nikamwambia tabia haiwi nzuri kwa kuzidishwa.

"Lakini hata ukinirudishia hiki, Cucu, yeye bado anacho. Na mimi bado ninacho. Na walioandika bado wanacho."

"Basi ulitoa nini? Nikikupa yai, mimi sina yai. Hiyo ndiyo kutoa."

Akavua miwani, akaifuta kwa shati. Ni mke aliyejibu. Akaniuliza, mtoto ukimfundisha wimbo, wewe unabaki bila wimbo? Nikafikiri. Huyo mwanamke ana kichwa. Nikasema wimbo hauna picha za wanaume waliochunwa. Lakini nilisema bila nguvu.

Kitonga akanieleza sababu yake. Mwaka jana wanafunzi walikuwa wanapanga foleni kupiga picha kurasa za kile kitabu kimoja cha maktaba, na waliokuwa mwisho wa foleni ndio waliofeli. Akachoka kuona hivyo. Akatafuta hiki, akakaa likizo nzima akikirekebisha. Pale wazungu walipoandika vyakula vyao, yeye akaweka vyetu. Akanionyesha. Nikasoma herufi kwa herufi, katikati ya Kiingereza chote hicho, *ugali*. Nikarudia kusoma. Neno la jikoni kwangu, ndani ya kitabu cha chuo. Nikalipapasa kwa kidole, jambo ambalo Syokau amelieneza mtaa mzima.

Kisha akasema Wangechi si mjinga. Anakaa mbele, anauliza maswali. Alikosa kitabu tu. "Asome siku hizi zilizobaki, atapita. Asipoteze hata moja."

Nikameza maji ya maembe. Habari ya kuku sikuitaja.

Tukasimama kuondoka. Kitonga akataka nirudi na kitabu. Nikakataa, nikikichukua atakuwa amempa mara ya pili, nianze kazi upya. Yeye naye hakukitaka, ana chake. Kikabaki mezani kama mtoto wa wazazi walioachana. Syokau akakibeba. Alisema ni kisipotee.

Mayai waliyapokea. Nikasema afadhali, upande huo tumemalizana. Kumbe mke alikwenda jikoni na kiondo changu, akanirudishia kimejaa maparachichi.

Sasa ni zamu yangu tena.

Jumapili, 11 Mei

Syokau amekuja kanisani na kitabu. Biblia ameacha nyumbani, amekuja na kitabu. Amekipakata ibada nzima. Baada ya ibada amewafungulia akina mama figo, kisha moyo. Hasomi hata herufi moja, anaonyesha tu kwa kidole na kutingisha kichwa kama daktari aliyeona mabaya. Watu wanne wamemweleza mahali panapowauma.

Mimi ndiye niliyelipa kwa redio.

Jumatatu, 12 Mei

Simu ya Wangechi imekufa. Tangu ile siku ya kuku imekuwa ikishika chaji ikitaka, leo imekataa kabisa. Nikaenda naye kwa fundi Ruiru. Fundi akaifungua, akachokoa pale pa kuingizia chaji, akatoa unyoya. Akauliza hii simu ilikuwa wapi. Nikatazama barabara. Wangechi akasema ilikuwa safarini.

Alinifunika. Na bado hanisemeshi vizuri. Huyo ni mimi kabisa.

Kuna kitu kimeungua ndani, fundi anangoja kingine kutoka Nairobi. Jumamosi labda. Mtihani ni Ijumaa.

Rafiki zake kila mmoja ameshikilia simu yake anasoma, huwezi kumlaumu. Kitabu cha maktaba kimeazimwa. Njia yote ya kurudi sikuona kitu, nilikuwa nikisikia tu yule kijana akisema asipoteze hata moja. Mimi nimempotezea mbili, ile ya kuku na leo. Tatu, ukihesabu Jumatano ya kufuta.

Kitabu cha kushika kiko kimoja tu Kimbo nzima. Kiko upande wa pili wa ukuta wangu.

Nikapeleka maparachichi. Syokau akayapokea yote. Kisha akasema kitabu atatoa, kwani yeye si mnyama, msichana ni wa kwetu sote. Lakini kina sharti. Ni lile la Zainab, nililomsimulia mwenyewe: kitumike bure, ila jina la mwenyewe litajwe. Kwa hiyo nisimame kesho kwa kikundi, mbele ya akina mama, niseme kitabu kimetoka kwa Syokau.

Nikamwambia afadhali nile sabuni.

Nikarudi nyumbani. Wangechi alikuwa amekaa na kalamu, anajaribu kuchora mkono kutoka kichwani, anafuta, anachora. Nikarudi kwa Syokau. Nikasema sawa.

Jumanne, 13 Mei

Kikundi kilijaa. Syokau alihakikisha. Wengine sijawaona tangu msiba wa mwaka juzi.

Nikasimama. Nikasema kitabu anachosomea Wangechi kimetoka kwa Syokau. Syokau akainua mkono, akasema wa nyuma hawajasikia. Nikarudia. Mtu akapiga makofi, nitamjua.

Ningekaa hapo, ingeisha. Lakini nilikuwa nimeshika kitabu, na mwanzo wa kitabu ni yale majina. Nikasema kwa kuwa sharti ni kutaja, mimi si mtu wa kutaja nusu. Nikaanza kuyasoma. Herufi kwa herufi. Ni majina ya nchi sijui gani, mengine hayana pumzi katikati, ulimi unateleza. Nikikosea nilirudi mwanzo wa jina, kwa heshima. Syokau akasema yatosha. Nikasema Zainab alinionya, lisiachwe hata moja. Nikamtaja na Kitonga, aliyeweka ugali. Nikamtaja Zainab na mashine yake. Mwenyekiti alipoanza kufunga kwa maombi nilikuwa bado nina ukurasa.

Waliotoka pale, hakuna anayekumbuka kama kulikuwa na Syokau humo ndani.

Lakini kitabu ninacho. Wangechi amekifungua kwa mikono miwili, akanusa karatasi. Amesema asante Cucu. Maneno mawili tu. Nimekaa nayo tangu hapo.

Alhamisi, 15 Mei

Tumesoma kutwa. Yeye anasoma, mimi nashika kitabu. Anafunga macho anataja mifupa ya mguu, mimi nafuata kwa kidole naona kama herufi zinakuja kwa mpangilio. Maana sijui. Lakini akiruka kitu najua, kidole kinabaki nyuma. Namwambia rudi, kuna mmoja umemwacha njiani. Anarudi, anampata.

Yule kuku mweusi nimemchinja. Hakuwa na kazi tena, mayai yalishaoza. Wangechi akasema ngoja, usikate. Akamtandaza mezani akanionyesha kiungo kinavyokaa ndani ya kikombe chake, msuli unavyovuta kama kamba ya ndoo. Akasema kuku anatufanana mahali pengi. Nikasema huyu alifanana na baba yako, alikuwa akipigiwa simu anakimbia.

Akacheka. Alicheka mpaka akashika meza. Tangu Alhamisi ile sikuwa nimesikia hicho kicheko.

Syokau alisikia harufu ya mchuzi, akaja. Nikampa paja. Alinipa kitabu, mbona nisimpe paja. Akasema nimeongeza chumvi kupita kiasi. Akaomba la pili.

Ijumaa, 16 Mei

Wangechi ametoka asubuhi, amekula vizuri. Nilimtemea mate mikononi kumbariki, kama mama yangu alivyokuwa akinifanyia. Hakujipangusa.

Nilisema nitabaki nyumbani. Nikabaki kidogo. Kisha nikajikuta Thika, nje ya geti la chuo, na thamosi. Askari akaniuliza namngoja nani. Nikasema Wangechi. Akauliza jina langu nani. Nikasema Wangechi. Akaniacha.

Walitoka wamechoka, wanabishana kuhusu figo. Wangu akaniona, hakushangaa hata. Akanywa chai amesimama. Nikauliza vipi. Akasema alijaza kurasa zote. Pale kwa mifupa ya mguu alisikia sauti yangu ikisema kuna mmoja umemwacha njiani. Akarudi, akamwandika.

Nikamwambia mate yana nguvu.

Jumatano, 4 Juni

Amepita.

Alikuja mbio kutoka stage, viatu mkononi. Majina yamebandikwa, lake liko, na pembeni yake wameandika amepita. Nilimwambia aniandikie kwa mkono wake vile ilivyokuwa. Akaandika. *Wangechi. Amepita.* Nikasoma mwenyewe, kwa sauti. Nikakaa chini pale pale kwa majani ya ng'ombe, na safari hii hakuna aliyeniambia niache kulia. Syokau alikuwa ukutani, analia kwa sauti kuliko sisi wenye mtoto. Nikamvuta kwa mkono apite upande wetu.

Chege amepiga. Amesema ni maombi. Nimemwacha aseme.

Ninavyoona, ni mipango yangu. Bila kuku, simu haingekufa. Bila simu kufa, hangesoma karatasi na mimi. Bila mimi, yule mfupa angebaki njiani. Nimemweleza Wangechi hivyo. Ameenda kuosha vyombo.

Akiwa anaosha ameniambia muhula huu wanaanza somo la dawa. Nikauliza kitabu je. Akasema nisihangaike, kiko. Cha bure pia, namna ile ile. Mwalimu mpya ndiye amewatumia, anaitwa Gerishon.

Nikauliza kama ana mke. Wangechi akaweka sahani chini. Akanieleza yote upya, walimu wa mbali, ruhusa, majina, darasa lote na wavulana. Akaniuliza kama nimeelewa. Nikasema nimeelewa.

Na kweli nimeelewa. Mara ile kosa langu lilikuwa kuchelewa, nilipoteza wiki nzima na simu na kuku. Nimeshamwuliza Syokau, na Syokau ameshauliza watu. Gerishon anakaa Ruiru, nyuma ya soko, peke yake, na anajipikia. Anajipikia! Huyo lazima anatafuta mke.

Tunaenda asubuhi, kabla Wangechi hajafika sura ya pili.